Ujira wa Tabibu na Nia Yake

Jamaa wasimamiao zahanati moja ya wakfu wametuletea swali ambalo twaona lastahiki kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Wao humlipa tabibu wao mshahara wa mwezi, nao wameshauriwa kwamba kazi itazidi iwapo atapewa kitu juu ya kila mgonjwa amwonaye na kila kipimo akiandikacho. Je, yafaa? Na tabibu atendaye mema kwa kutumai nyongeza, au kwa kuchelea macho ya watu, wema wake huo ni wema?

Twaanza na ujira wenyewe, kwa kuwa wako kati yetu wadhanio kuwa tabibu mcha Mungu ni yule asiyepokea kitu. Dhana hiyo haina msingi. Mtume (S.A.W.) alipoumikwa na Abu Taiba aliamuru apewe ujira wake wa chakula. Na masahaba waliomsomea Fatiha mkubwa wa kabila aliyeumwa na nge walipewa kondoo, wala Mtume hakuwakataza. Basi atakaye kumpangia tabibu mbinu za kumwendesha, na ajiulize kwanza kama haki yake ya asili humfikia. Madaktari wa hospitali za serikali hapa Kenya waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, wakidai utekelezwe mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013. Mbele ya deni kama hilo, mazungumzo ya nyongeza ni mzaha.

Shida huanza pale ujira unapofungwa na hesabu. Mwaka 2004 Uingereza iliwaahidi madaktari wa zahanati malipo kwa pointi: shinikizo la damu limepimwa, mgonjwa wa kisukari ametazamwa, na mengineyo. Wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka 2009 waliona kuwa uangalizi wa kisukari na pumu ulikwenda mbio kwa muda, kisha mwendo ukalegea. Na katika pumu na maradhi ya moyo, mambo yasiyotiwa pointi yakarudi nyuma. Rwanda nayo, katika jaribio la vituo 166 lililoanza mwaka 2006, ilivilipa vituo kwa kila huduma. Kina mama waliojifungulia vituoni walizidi kwa asilimia 23, jambo la kushukuriwa. Lakini waja wazito waliotimiza mahudhurio manne hawakuzidi, wala watoto waliokamilisha chanjo. Mwanadamu hukitazama kinachohesabiwa. Na katika utabibu kisichohesabika ni kingi: kumsikiliza bibi kizee mpaka amalize maneno yake, au kumwambia mtu waziwazi kuwa hahitaji dawa, akapumzike nyumbani. (Nasi twajijua. Mgonjwa wa miji yetu akitoka bila sindano hujiona amedhulumiwa, na huenda akamsema tabibu huyo barazani.)

Ama mabingwa wa elimu ya uchumi wa tabia, wao wamepita njia nyingine. Wamesema kuwa mtu haendeshwi na fedha peke yake. Huona haya mbele ya wenzake, na hupenda aonekane mwenye sababu. Mwaka 2014, huko Uingereza, madaktari wa zahanati zilizozidi kuandika antibaiotiki walipelekewa barua na mganga mkuu wa serikali, ikiwaambia kuwa asilimia 80 ya zahanati za eneo lao huandika chache kuliko wao. Kwa barua hiyo tu, maandiko ya dawa hizo yalipungua kwa asilimia 3.3 katika miezi sita. Na katika jaribio lililofanywa katika zahanati 47 za Boston na Los Angeles, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, baadhi ya madaktari walitakiwa waandike sababu ndani ya faili la mgonjwa kila walipotoa antibaiotiki kwa mafua. Dawa zisizohitajiwa zikashuka kutoka asilimia 23.2 hadi 5.2. Zilishuka hata kwa wale wasioguswa na lolote, lakini si kwa kadiri hiyo.

Hili kwetu si geni. Shaizari, aliyeandika juu ya kazi za muhtasibu huko Sham katika karne ya 12, ameeleza desturi ya kuwa tabibu huandika nuskha ya dawa aliyoamuru na kuwapa jamaa za mgonjwa mbele ya mashahidi. Mgonjwa akifa, nuskha hizo hupelekwa kwa mkuu wa matabibu azipime.

Wako watakaosema kuwa hiyo ni kulea riya, na Imam Bukhari amekifungua kitabu chake kwa hadithi ya nia. Twajibu kuwa hapa mna haki mbili, nazo zisichanganywe. Thawabu ni baina ya tabibu na Mola wake. Akitenda kwa ajili ya macho ya watu, khasara ni yake. Ama kutibiwa sawasawa ni haki ya mgonjwa, naye hangoji moyo wa tabibu utakasike ndipo apewe dawa iliyo sahihi. Muhtasibu alipokagua mizani sokoni hakumwuliza mwenye duka kuhusu ikhlasi yake. Tena haya yenyewe ni katika imani, nayo huenda ikamzoesha mtu jema mpaka alipende.

Kwa hiyo jawabu letu kwa jamaa hao ni hili. Msimlipe kwa kichwa, na kwa kipimo msimlipe kabisa, kwani kipimo kisichohitajika ni kula mali ya mgonjwa kwa batili, na mgonjwa hana njia ya kujua. Mpeni mshahara wa kumtosha, na uwe siku yake. Wekeni daftari la sababu, aambiwe wazi tangu mwanzo ni la nini na nani atalisoma, wala asipelelezwe kwa siri. Lianze na dawa za kikohozi na mafua, na kila baada ya miezi mitatu tabibu mwingine aliyeaminika alipitie pamoja naye.