Poa si Baridi

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo sisi tunaoishi Marekani tunalisikia tangu asubuhi hadi tunapolala: "cool". Jioni yenye ubaridi kidogo ni cool. Viatu vipya ni cool. Mkikubaliana kukutana saa kumi, ni cool. Na bosi asiyekuchangamkia naye ni cool, ila hapo si sifa hata kidogo.

Wanaotajwa sana kwa kulieneza ni wanamuziki weusi wa jazi, hasa mpiga saksafoni Lester Young. Aliingizwa jeshini mwaka 1944, na mwaka uliofuata mahakama ya kijeshi ikamfunga. Kwa mtu mweusi wa zama zile, kumwonyesha mzungu hasira kungeweza kumgharimu maisha. Utulivu ulikuwa ngao.

Sisi tuna "poa". Vijana hujibu hivyo ukiwauliza mambo, na baadhi ya wazee hukunja uso wakidhani ni uhuni wa mjini. Lakini tazameni: poa ni kitenzi, tena cha zamani. Chai hupoa, uji hupoa, hasira hupoa. Barafu haipoi. Kilichopoa kilikuwa na moto kwanza. Kisichowahi kuwa na moto ni baridi tu. Kiingereza kimeyatia yote mawili katika chungu kimoja, na watoto wetu wanakula humo.

Mama mmoja alinisimulia kwamba alimwambia mwanawe wa miaka 16 kuwa bibi yake kule Tanga amefariki. Kijana akajibu, "Cool," akarudi kwenye simu yake. Mama akalia kwa jibu lile kuliko kwa msiba wenyewe.

Mimi sikuthubutu kumhukumu kijana. Mtoto mweusi katika shule za huku hujifunza mapema kwamba anayelia huchekwa, na anayekasirika huitiwa askari. Anavaa ngao ile ile. Linalonisumbua ni hili: ataivulia wapi? Asipoivua nyumbani, itageuka ngozi yake, na hapo hatutajua tena kama ndani mna moto uliopoa au hamna kitu.

Nilimshauri mama asimkaripie, bali amwulize anamkumbuka bibi kwa lipi. Akamwuliza usiku, taa zimezimwa. Kijana akakaa kimya kitambo, kisha akasema bibi alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, na kila mara akimwita "mume wangu". Hakuweza kuendelea.