KHUTBA YA IJUMAA: TUSIMWACHE PEKE YAKE MGONJWA ASIYEPONA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mwenye kuhuisha na kufisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote.

Ndugu zangu waumini, baba zetu na mama zetu, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi: tumche Mwenyezi Mungu.

Leo ninaanza na kosa langu mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa akisali hapa safu ya mbele alipatwa na kansa. Alitibiwa mpaka franga zikaisha, kisha jamaa zake wakaambiwa wamrudishe nyumbani kwa sababu hapakuwa tena na la kufanya. Mwanawe alinijia mara mbili: "Shehe, baba anakuuliza." Nikamjibu nitakuja Alhamisi. Mzee alifariki Jumatano. Siku ya mazishi tulijaa avenue nzima. Michango ilitoka, sufuria za wali zilitoka. Mjane wake akaniuliza neno moja tu: "Shehe, watu wote hawa walikuwa wapi usiku, alipokuwa akilia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa ajili ya swali hilo nataka tukumbuke maisha ya mama mmoja aliyelifanyia kazi kwa miaka karibu sitini. Jina lake ni Cicely Saunders. Alizaliwa Uingereza mwaka 1918, akafariki tarehe 14 Julai 2005. Alikuwa Mkristo, nasi hatumgeuzi kuwa mwingine. Asiseme mtu, "Mkristo anatafuta nini katika mimbari?" Mtume wetu (S.A.W.) katika safari ya Hijra aliongozwa njia na mtu ambaye hakuwa Mwislamu, kwa sababu mtu yule aliijua njia. Naye ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Mama huyu alikuwa akisoma katika chuo kikuu cha Oxford vita vilipoanza. Akaacha masomo, mwaka 1940 akaingia kujifunza uuguzi katika hospitali ya St Thomas's, London. Akawa muuguzi, yaani infirmie kama tunavyosema hapa kwetu. Lakini mgongo ulimuuma sana, hakuweza tena kuinua wagonjwa. Hakusema kazi yangu imekwisha. Alijifunza kazi nyingine, ya kushughulikia shida za wagonjwa na familia zao.

Katika kazi hiyo alikutana na mgonjwa mmoja, David Tasma, Myahudi mkimbizi kutoka Poland. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, yuko ugenini bila ndugu, na kansa inammaliza. Mama huyu alikuwa akienda kukaa naye. Walizungumza juu ya mahali ambapo watu wa namna hiyo wangeweza kutunzwa vizuri mpaka mwisho. Tasma alifariki mwaka 1948, akamwachia pauni 500, akitaka awe kama dirisha katika nyumba ambayo mama huyu angeijenga siku moja. Nyumba haikuwapo, wala kiwanja. Lilikuwapo dirisha tu, na ahadi.

Jioni alikuwa akijitolea katika nyumba moja ya maskini waliokuwa wakingoja kufa. Hapo aliona jambo. Kwingine, mgonjwa aliachwa mpaka alie, ndipo apewe dawa. Pale walimpa mgonjwa dawa ya morphine ya kunywa kwa saa maalumu, kila baada ya masaa 4, kabla maumivu hayajarudi. Mgonjwa hakukaa akiogopa. Alitulia, akaweza kula kidogo, akazungumza na watoto wake.

Alitaka kuwafundisha madaktari jambo hilo. Daktari mmoja mpasuaji akamshauri asome udaktari kwanza, kwa sababu madaktari ndio wanaowatelekeza wanaokufa. Akarudi darasani na vijana wadogo, akahitimu mwaka 1957, umri wake ukikaribia miaka 40. Mwaka 1959 aliandika makala sita katika gazeti la wauguzi juu ya kuwatunza wanaokufa. Mwaka 1967, miaka 19 baada ya zile pauni 500, ilifunguliwa nyumba yake London, iitwayo St Christopher's Hospice. Dirisha la Tasma limo ndani yake.

Ndugu zangu, angalieni hekima yake. Tangu mwanzo nyumba ile ilikuwa mahali pa kutunza na pia shule. Wauguzi na madaktari walifika kutoka nchi nyingi, wakajifunza, wakarudi kwao. Na mwaka 1969 alianza kuwatuma wauguzi kwenda kuwatunza wagonjwa majumbani mwao, maana wengi hutaka kufia kitandani pao. Yeye mwenyewe alipougua kansa alifia katika nyumba hiyohiyo aliyoijenga, akitunzwa kwa mafunzo yaleyale aliyowapa wengine.

Mafunzo hayo yamefika mpaka kwa majirani zetu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, Kampala. Walichanganya unga wa morphine na maji, ikawa dawa ya kunywa ya bei ndogo. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa, kwa sababu vijijini madaktari ni wachache. Kwa hiyo tusiseme haya ni mambo ya matajiri wa Ulaya.

Ndugu waumini, tuchukue mafunzo matatu.

La kwanza: kumtuliza mgonjwa ni sunna kabla ya kuwa elimu ya Ulaya. Saad bin Muadh (R.A.) alipopigwa mshale katika vita vya Handaki, Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili amzuru kwa karibu. Wanahistoria wanasimulia kwamba hema hiyo ilikuwa ya Rufaida wa kabila la Aslam, mama aliyewauguza majeruhi. Saad hakupona, alifariki kwa jeraha lile. Lakini hakufichwa nyuma ya nyumba. Aliwekwa msikitini, karibu na anayempenda. Na Mtume mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho alikuwa na chombo cha maji karibu, akitia mkono na kujipangusa uso, na roho yake ilitoka akiwa ameegemea kifua cha Bi Aisha (R.A.). Hakuachwa peke yake.

La pili: maumivu si ya mwili tu. Mama Cicely alifundisha kwamba mgonjwa huumwa mwilini, huumwa moyoni kwa hofu, huumwa kwa ajili ya watoto na madeni, na huumwa rohoni akijiuliza Mola wake atampokea vipi. Ukimpa dawa na hujamsikiliza, umetuliza sehemu moja tu. Mzee wetu aliponiita, huenda hakutaka dua ndefu. Huenda alikuwa na deni la kutaja, au wasia, au mtu wa kuombana naye msamaha. Mimi nilimnyima nafasi hiyo. Nasi mara nyingi tunamficha mgonjwa ukweli tukisema "utapona tu," mpaka anaondoka na mambo yake kifuani.

La tatu: tusifanye subira kuwa kisingizio. Ni kweli, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muumini hata akichomwa na mwiba hufutiwa madhambi. Lakini hakuna aliyeruhusiwa kumwachia mwenzake mwiba mguuni. Mtume huyohuyo ametuamuru kutafuta dawa. Wengine wanaogopa morphine: ni ulevi, au ni ya kumuua mgonjwa. Wanavyuoni wengi wamekubali dawa hii pale daktari anapoiona ni lazima, kwa kipimo chake. Makusudi yake ni kuondoa maumivu. Si kulewesha wala kufupisha umri. Umri uko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mwulize daktari au muuguzi aliyejifunza, usiulize uvumi wa sokoni.

Ninayasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Nanyi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

(KHUTBA YA PILI)

Ndugu waumini, tunajua hadithi inayotuonya kwamba Siku ya Kiyama Mola atamwuliza mja kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa. Mja atastaajabu. Ataambiwa: fulani aliugua, hukumwendea, ungemwendea ungenikuta kwake. Basi mimi, siku ile ya Alhamisi, nilichelewa kwa nani?

Jumuiya yetu ina kamati ya mazishi, na inafanya kazi vizuri. Kamati ya wagonjwa hatuna. Tunakusanya franga za sanda kwa siku moja, lakini mtu anakosa sabuni na uji miezi mitatu. Ninaomba tuanze leo, baada ya swala:

1. Kila kartie itoe watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kujua nani amelala kitandani.

2. Kila mgonjwa asiyepona azuriwe mara mbili kwa wiki, kwa muda mfupi, bila kumchosha. Wanawake wawazuru wanawake, wanaume wawazuru wanaume.

3. Tuwapumzishe wanaomwuguza. Mke au binti aliyekesha wiki nzima apate usiku mmoja wa kulala. Mmoja wetu akae.

4. Sehemu ya mchango wa Ijumaa iwe ya dawa za maumivu, sabuni na mashuka, kabla ya sanda.

5. Tuwaombe mabinti na vijana wetu waliosomea uuguzi watufundishe kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumwosha, na kumlowesha midomo inapokauka. Wasiosoma wajifunze kwa waliosoma.

Wala tusiangalie dini ya mgonjwa. Mtume (S.A.W.) alimzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akakaa karibu na kichwa chake. Jirani ni jirani.

Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu. Yule uliyemwandikia kuondoka, umwondolee machungu, umpe shahada katika ulimi wake na mkono wa ndugu katika mkono wake. Wape nguvu wauguzi wanaokesha. Msamehe mzee wetu, umfariji mjane wake, nasi utusamehe tuliochelewa. Ulete amani katika nchi yetu ya Kongo. Amin.

Simameni tusali.