Gari la Viti Viwili

Somo: Matendo ya Mitume 8:26–39



Baadhi yenu mlikwisha kuzisikia habari zetu kabla hatujazisema wenyewe. Ilisemwa barazani, tena ikasemwa mlangoni mwa kanisa, ya kuwa sisi wawili, pamoja na mvi zetu, twataka kuiuza Noah yetu na kununua gari la mbio. Wengine mlicheka. Wengine mlituuliza kwa upole kama ni kweli. Mzee mmoja alituambia kwamba twaurudia ujana kwa mlango wa nyuma. Basi leo twakiri: ilikuwa kweli. Kwa muda wa miezi mitatu tulilala na jambo hilo na kuamka nalo. Na kwa kuwa Bwana alitufundisha neno katika hilo, tumeona si vema kukaa nalo peke yetu.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, Honda S660, lililoundwa tangu mwaka 2015 hadi 2022. Lina viti viwili tu. Urefu wake haufiki mita 3 na nusu, na kimo chake ni mita 1 na sentimita 18, hata mtu mzima akisimama kando yake hulitazama paa kwa juu, kama atazamaye meza. Paa hilo ni la turubai. Hukunjwa kama mkeka na kuwekwa katika kisanduku cha mbele, na likiisha kuwekwa humo hakuna tena mahali pa kutia hata kikapu cha sokoni. Injini yake ina silinda 3 na ujazo wa sentimita 658, haifiki nusu ya injini ya Noah yetu. Lakini ina turbo.

Kwa wale wasioijua turbo, tutaeleza kama fundi alivyotueleza. Injini ikifanya kazi, moshi wa moto hutoka kwa nguvu kwenda kwenye ekzosi. Katika magari mengi nguvu ya moshi huo hupotea bure. Turbo huweka feni ndogo katika njia ya moshi, moshi huizungusha, na feni hiyo imeunganishwa kwa shafti na feni ya pili, ambayo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Si jambo jipya. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Sisi hatukuona dhambi yoyote katika kitu hicho. Bwana wetu naye, alipokwisha kuwalisha watu 5,000, aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6:12).

Wala fedha haikuwa kizuizi. Tulikuwa tumeweka akiba yetu kidogo kidogo, hatukutaka kukopa, wala hatukugusa fungu la Bwana. Watoto wetu wamekwisha kuoa na kuolewa, kila mmoja ana kwake. Viti vya nyuma vya Noah, ambavyo zamani vilijaa kelele na makombo ya mandazi, sasa ni vyeupe. Tukasema, tu watu wawili, twahitaji viti viwili. Ni nani awezaye kulipinga neno hilo? Tena Mtume Paulo asema kwamba Mungu hutupa vitu vyote kwa wingi ili tuvifurahie (1 Timotheo 6:17). Tuliushika mstari huo kwa nguvu sana, ndugu zetu, kuliko tulivyoishika mistari iliyo kandokando yake.

Kijana mmoja wa Tanga mjini analo gari la namna hiyo. Tulikwenda kwake tukamwomba tulionje. Hapo ndipo tulipopata kichomi cha kwanza, ingawa siku ile tulikifanyia mzaha. Mwenye gari hakuwa tayari kumpa mtu mwingine usukani, na haki alikuwa nayo; basi nafasi ikabaki moja. Hatukuweza kwenda sote. Mmoja wetu alipanda, mwingine akabaki chini ya mwembe akiwatazama wakiondoka kwa vumbi na sauti nzuri. Kisha tukabadilishana. Furaha ilikuwapo, hatutaificha. Upepo usoni, barabara ikikimbia chini karibu na miguu, na ile turbo ikichelewa kidogo kama mtu avutaye pumzi, kisha ikakusukuma mgongoni. Tulirudi nyumbani tukicheka kama wachumba. Kila mmoja wetu alikuwa ameonja furaha, na kila mmoja alikuwa ameonja pia kukaa chini ya mwembe.

Tukapata mnunuzi wa Noah. Alikuwa aje siku ya Jumamosi na fedha zake.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, yapata saa nane, tulisikia hodi. Sauti hiyo ya hodi ya usiku twaijua, maana tumeisikia kwa miaka mingi. Ilikuwa ni jirani. Binti yake alikuwa amepatwa na uchungu, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mvua ilikuwa ikinyesha, na bodaboda hakuna mwenye akili ambaye angempakia mwanamke wa hali ile katika matope yale. Tuliamka tukatafuta kanga, tochi na ufunguo. Na katika giza lile la chumba, mmoja wetu akasema neno. Hatutasema ni nani aliyelisema, kwa sababu mwingine alikuwa nalo moyoni vilevile. Alisema, “Tungalikuwa tumekwisha kuuza, tungalikuwa tumelala.”

Tulimlaza binti yule kwenye kiti cha katikati, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Nyuma wakakaa shangazi yake na mwanamke mwingine mwenye chupa ya chai na mfuko wa nguo. Tulikwenda polepole. Tulifika hospitali, na kabla ya kupambazuka mtoto alizaliwa, na mama yake ni mzima. Tumshukuru Mungu. Lakini njiani kurudi, Noah ikiwa tupu, sisi wawili hatukusemezana. Neno lile lilikuwa limekaa kati yetu kama abiria.

Asubuhi tulisali, kisha tukaambiana kweli. Na kweli ilikuwa hii: tulikuwa tumechoka kuombwa. Kwa miaka mingi gari letu limekuwa gari la mtaa. Limebeba wagonjwa na wafiwa, akina mama na masufuria yao siku za harusi, kwaya na ngoma zake, mahindi ya mavuno, na viti vya kukodi vya watu ambao hawakutuambia hata asante. Tulikuwa tukiitika “Naam” huku mioyo ikinung’unika. Hatukuwa na ujasiri wa kusema, “Leo hapana,” tena hatukuwa na upendo wa kutosha wa kusema “Naam” kwa furaha. Basi tukatafuta gari ambalo lingetusemea. Mtu angekuja, angeviona viti viwili, angeondoka mwenyewe kwa aibu. Furaha ya upepo na turbo ilikuwa kweli, lakini chini ya furaha hiyo kulikuwa na jambo jingine. Tulitaka chuma kiseme neno ambalo sisi tuliona haya kulisema.

Ndipo tulipolisoma somo letu la leo. Towashi wa Kushi alikuwa mtu mkubwa, mwenye mamlaka juu ya hazina ya Malkia Kandake. Alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake, akikisoma chuo cha nabii Isaya. Alikuwa na gari zuri, safari ndefu na kitabu kizuri mkononi. Angeweza kabisa kusema, “Niacheni nipumzike.” Filipo alikuja akikimbia kwa miguu katika njia ya jangwa, mtu asiyemjua, tena akamwuliza swali ambalo mkubwa mwingine angeliona ni ukosefu wa adabu: je, anayafahamu ayasomayo? Yule towashi hakukasirika. Alimsihi apande aketi pamoja naye. Wapendwa, wokovu wa mtu yule uliingia kwa nafasi ile aliyoitoa garini mwake. Alidhani anamsaidia mpita njia, kumbe amempakia mjumbe wa Bwana. Walipofika penye maji, aliyekuwa abiria ndiye aliyembatiza mwenye gari.

Hata hivyo, tusikimbilie kuhukumu kwa hesabu ya viti. Yule Msamaria katika Injili (Luka 10) alikuwa na mnyama mmoja tu. Alimpandisha mtu aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake, na bila shaka yeye mwenyewe akaenda kwa miguu. Kiti kimoja kilitosha kwa huruma. Kuhani na Mlawi hawakushindwa kwa kukosa nafasi, walipita kando. Mtu aweza kuwa na basi zima akapita kando, na mwingine akawa na baiskeli na kumbeba jirani. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo ndugu akinunua gari la viti viwili, asinyoshewe kidole kanisani. Kiti cha pili chaweza kuwa kiti cha Filipo.

Wala tusidhani kwamba kuchoka ni dhambi. Mitume waliporudi kutoka kazini, watu wakija na kuondoka hata hawakupata nafasi ya kula, Bwana aliwaita waende kando wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Alijua kwamba mwili una mpaka. Na Mtume Paulo, katika sura moja ya Wagalatia, atuambia tuchukuliane mizigo, kisha baada ya mistari michache asema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe (Wagalatia 6:2, 5). Zamani tulidhani maneno hayo yanapingana. Sasa twaona ni mizigo ya namna mbili. Upo mzigo ambao mtu hauwezi peke yake, kama binti yule usiku wa mvua. Upo tena mzigo ambao mtu aweza kuubeba mwenyewe, ila ni rahisi zaidi kumtwika jirani mwenye gari. Tusipotofautisha, tutakuwa watumwa wa yote, na mwisho tutayakimbia yote.

Basi tulifanya hivi. Yule mnunuzi tulimpigia simu tukamwomba radhi. Noah haiuzwi kwa sasa. Kisha tulikwenda kwa Padre tukamwambia yote, pamoja na lile neno la usiku. Hakutukemea. Aliuliza tu, “Mbona hamkusema siku zote?” Tukakaa na Kamati ya Kanisa, nao wenye magari katika mtaa wetu wakaitwa. Ikaonekana hatukuwa peke yetu katika kuchoka. Sasa iko zamu kwa safari za hospitali za usiku, na majina yamebandikwa nyuma ya kanisa penye ubao wa matangazo. Kiko kisanduku cha mafuta, ambacho kila mmoja atia awezalo. Nayo masufuria na viti vya harusi vitatafutiwa gari la kukodi na wenye harusi yao. Tumejifunza kusema “Hapana” kwa uso mchangamfu, na mlipoambiwa hivyo hamkukasirika kama tulivyoogopa. Usiku wa zamu yetu, hodi ikija, twaamka wepesi kuliko zamani.

Na lile gari dogo? Bado twalipenda. Yule kijana wa Tanga ametualika tena, nasi tutakwenda, mmoja mmoja, na yule atakayebaki chini ya mwembe tutamchukulia maji ya dafu. Kama Bwana akitujalia siku moja tulinunue, tunataka tulinunue kwa furaha, tusilinunue kwa kujificha.

Labda wewe usomaye huna gari, wala hufikirii turbo. Lakini kila mmoja wetu ana kitu anachokitaka kimsemee. Mmoja ajenga ukuta mrefu, mwingine azima simu kila jioni, mwingine ahamia mbali na ndugu zake na kusema ni kwa ajili ya kazi. Jambo lenyewe laweza kuwa halali kabisa. Hebu jiulize mbele za Mungu: kitu hiki kinaninenea neno gani, na je, neno hilo naweza kulisema kwa kinywa changu, mbele ya ndugu yangu, mchana?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepanda chombo cha wavuvi na punda wa kuazima, tusamehe tulipowabeba wenzetu kwa manung’uniko. Utupe furaha isiyojificha, na pumziko lisilomfungia jirani mlango. Utufundishe kuitika kwa upendo na kukataa kwa kweli, kwa kuwa wewe mwenyewe umetuchukua sisi sote. Amina.