Mahindi ya Julai, Njaa ya Januari

Huenda uji wako bado uko jikoni unachemka. Tumkumbuke aliyelima mahindi ya uji huo.

Katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini, mavuno hutoka kuanzia Juni. Kila mtu anauza, bei inaporomoka, na mlanguzi anafika na lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, ili kilo za ziada zisilipiwe. Mama mkulima naye anauza. Ana deni la mbolea, na anajua akiyaweka mahindi ghalani dumuzi atayageuza vumbi. Mdudu huyo aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka bara la Amerika, akaharibu kwa kasi hata wakulima wakambandika jina la lori, Scania.

Januari ikifika, mama yuleyule yuko dukani akinunua unga kwa bei asiyoimudu. Mkulima ananunua unga! Hili linaniuma kuliko ukame, maana shamba lake halikumnyima.

Lakini njia ipo: mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa humuua dumuzi bila dawa, mradi mahindi yamekaushwa vizuri. Mkopo mdogo wa VICOBA, benki za jamii za vijijini, nao unaweza kulipa lile deni bila ghala kuguswa.

Wewe uliye mjini, una shangazi au kaka kijijini. Usingoje akupigie simu Januari akiomba pesa ya unga. Mtumie mifuko hiyo sasa, kabla hajavuna.