FUNGA BIDONI, KISHA TAWAKALI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.



Kila kiangazi, upepo wa kusini unapopiga ziwa letu la Tanganyika, utamsikia mwenye mtumbwi wa tanga akisema: "Siku ya kufa imekwisha andikwa. Bidoni za nini?" Je, huko ni kutawakali?

Mtu mmoja alimuuliza Mtume wetu (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Akaamriwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Nabii Nuhu (a.s.) naye aliamriwa kuunda safina, ingawa Mola wake aliweza kumwokoa bila ubao hata mmoja.

Basi kamba yetu ni ipi? Bidoni tupu ya lita 20, iliyozibwa barabara, ikizamishwa majini hubeba karibu kilo 20. Kumi zitabeba karibu kilo 200. Zipange chini ya viti, sawa kulia na kushoto, mbele na nyuma. Zifunge kwa nguvu, maana maji huzisukuma juu. Angalia vifuniko kabla ya kila safari. Mtumbwi mdogo wa mbao ukijaa maji, tupeni mizigo. Utaelea, na watu watapata pa kushika mpaka wenzao wafike.

Utasema: bidoni zinakula nafasi ya magunia. Hapo ndipo siri inapotoka. Kinachokuzuia si kadari, ni faida. Na mara nyingi wewe hupandi. Unabaki nchi kavu ukingoja hesabu. Yule mtu wa ngamia aliuliza juu ya mali yake mwenyewe. Wewe unaacha bila kamba mtoto wa mwenzako. Nani alikupa ruhusa ya kutawakali kwa roho ya mtu mwingine?

Tunakumbuka Disemba 2014, meli Mutambala ilipozama katika ziwa hili na watu zaidi ya 100 wakafa. Tumefundishwa kwamba Muislamu aliyekufa maji ana daraja la shahidi. Lakini daraja lake halimfutii dhima aliyemtuma bila kinga. Ajali yake iliandikwa, ndiyo. Na uzembe wako pia unaandikwa.

Ndugu mwenye chombo, leo baada ya sala teremka ufukweni, utazame chini ya viti vya mtumbwi wako. Kisha omba dua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozama, na atufanye waaminifu wa amana zake. Amin.