Umri na Utu Uzima: Tatizo la Kimaadili katika Sehemu ya Kwanza ya ThunderCats

Filamu za vibonzo hazijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wetu. Aghalabu huhesabiwa kuwa burudani ya watoto, nazo huachwa huko huko utotoni pamoja na gololi na mipira ya matambara. Hata hivyo, anayeirudia ukubwani filamu aliyoipenda utotoni huweza kukutana na swali ambalo hapo awali hakuwa na uwezo wa kuliuliza. Makala haya yanalichunguza swali moja la namna hiyo, linalozuka katika "Exodus", sehemu ya kwanza ya mfululizo wa ThunderCats, ulioanza kuonyeshwa nchini Marekani mwaka 1985. Sehemu hiyo iliandikwa na Leonard Starr, ikatolewa na kampuni ya Rankin/Bass, na michoro yake ikafanyiwa Japani.

Kisa chenyewe ni hiki. Sayari ya Thundera inaangamia, na wakazi wake, viumbe wenye sura ya paka na ya binadamu kwa pamoja, wanakimbia kwa merikebu za angani. Maadui wao, Mutants, wanaziteketeza merikebu hizo isipokuwa ile inayomchukua mtoto Lion-O, mrithi wa ubwana, pamoja na upanga wa enzi wenye Jicho la Thundera. Safari iliyobaki ni ndefu mno, kwa hiyo wasafiri wanalazwa katika vyombo vya kuzuia uzee. Mzee Jaga peke yake anabaki macho ili aiongoze merikebu, na umri wake unamwishia njiani. Lion-O anapozinduka katika sayari ya Third Earth ana kifua na mikono ya mwanamume kamili, lakini akili ni ya mtoto yule yule aliyelazwa. Chombo kilipunguza kasi ya kukua kwake bila kukukomesha.

Mtoto anayelitazama tukio hili haoni tatizo lolote. Ndiyo ndoto yake hasa: kulala mdogo na kuamka mkubwa, upanga mkononi. Mtazamaji aliyekwisha kuupita umri huo huona jambo jingine. Huona mtu aliyenyang'anywa miaka yake, kisha akaambiwa kwamba amepewa zawadi.

Mwanafalsafa John Locke angesema kwamba aliyelala na aliyeamka ni nafsi moja, kwa kuwa kumbukumbu ni moja. Hilo tunalikubali, lakini halitufikishi mbali, kwani hakuna anayetilia shaka kuwa huyu ni Lion-O. Aristotle anatufaa zaidi. Katika maadili yake anaeleza kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa hisabati, ila hawezi kuwa na busara ya matendo, kwa sababu busara hiyo hutokana na kuyapitia mambo mengi mojamoja, na jambo hilo huhitaji muda. Lugha yetu nayo haisemi tu mtu mkubwa. Husema mtu mzima, yaani aliyetimia. Lion-O ni mkubwa asiyetimia.

Ipo miaka ya aina mbili katika kisa hiki. Jaga aliitoa yake kwa hiari, saa baada ya saa, akijua anachokitoa na anamtolea nani. Lion-O aliipoteza yake usingizini, bila kuulizwa. Masimulizi yanamuenzi Jaga: mzimu wake unarudi mara kwa mara kumshauri kijana. Hasara ya Lion-O haina matanga. Inataarifiwa kwa maneno machache, na vita vinaanza. Wapo watakaosema kwamba shujaa mwenye misuli ndiye auzikaye, na kweli kampuni ya LJN iliuza vinyago vya wahusika hawa. Hiyo ni sababu ya kibiashara. Haijibu kama ni haki kumkabidhi amri za kufa na kupona mtu ambaye hajaishi.

Wenzake wanaijua hali yake, na bado wanamwita bwana. Snarf, yaya wake, ndiye asiyebadilika. Anaendelea kumwonya na kumfuatafuata kana kwamba kimo kile hakikuongezeka. Utotoni mhusika huyu huonekana kero tupu. Katika utazamaji wa pili ndiye mkweli kuliko wote, maana anamtendea mtoto kama mtoto. Waandishi wenyewe, inaelekea, hawakutulia na suala hili. Baadaye katika mfululizo walimpitisha Lion-O katika majaribio ya kutawazwa, akipimwa nguvu, kasi, werevu na uwezo wa akili mbele ya wenzake, kisha akikabiliana na uovu wa Mumm-Ra. Utii uliotangulia majaribio hayo unabaki na utata wake.

Pengine utii huo usomwe kinyume. Kuelekea mwisho wa "Exodus", Mutants wanamzidi Lion-O nguvu. Anauinua upanga na kutoa ule ukelele mashuhuri, Jicho linawaka, na wenzake wanakuja mbio. Watoto waliokuwa wakiuiga uwanjani waliusikia kama amri ya bwana kwa jeshi lake. Ukisikilizwa sasa, ni sauti ya mtoto aliyezidiwa anayewaita wakubwa zake.