Chapa Juu ya Gobore

Mchonga milango wa pwani yetu aliweza kuacha mwaka katika nakshi zake, na mpita njia wa Bagamoyo akausoma. Mhunzi aundaye gobore haachi kitu. Mtutu wake, ambao jana pengine ulikuwa bomba la maji, hutoka mikononi mwake bila jina wala namba. Na siku utakapoua mtu, hapana awezaye kuusoma.

Sheria imekwisha nena. Itifaki ya Nairobi ya 2004 yataka kila silaha ndogo ichongwe, wakati wa kuundwa kwake, jina la mwundaji, mahali ilipoundwa na namba yake; na sheria yetu ya silaha ya 2015 yakataza kuunda bila kibali. Basi kwa mhunzi wa siri kuchonga jina ni kuungama kosa. Swali langu si la mahakama. Je, mtu aliyeunda gobore ili jirani alinde mahindi yake na nguruwe, ana deni la jina lake juu ya chuma kile?

Chapa ina historia isiyopendeza. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliotangazwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, uliwaachia Waafrika bunduki za gumegume. Bunduki bora zilitakiwa kupigwa chapa, na mchukuzi wake awe na cheti chenye jina lake. Miezi michache kabla yake, Desemba 1889, Bushiri alinyongwa Pangani. Mizinga iliyopiga miji ya pwani katika vita vile haikuombewa cheti kwa aliyepigwa. Mzee akichukia chapa kwa sababu hiyo, simlaumu.

Lakini chapa ile ilimtaja mchukuzi, mtawala apate kujua wa kunyang'anywa. Hii ya leo yamtaja mwundaji pia, na mwenye haja nayo zaidi ni aliyefiwa. Mhunzi atajibu: panga langu halina jina, nalo laua. Hoja hii ilinisumbua siku nyingi. Nadhani tofauti ni hii: mwenye panga hana budi kusogea, na aliyepigwa huuona uso wake, gobore huua kutoka kichakani, likauficha mkono uliolishika. Mkono ukifichwa, chuma hakina budi kusema.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha bila kushtakiwa. Naisifu rehema hiyo, ijapokuwa gobore lisilo na chapa huingia ghalani na siri zake zote, na mama aliyezika mwana haambiwi neno. Mhunzi naye yuko karakanani. Mtu akimpa tindo na kumwambia achonge jina lake, mkono utasita. Na kwamba wasita kwa kumwogopa askari, au kwa kumkumbuka mnunuzi mmoja ambaye hakuwa na shamba, ni yeye peke yake ajuaye.